Nyumba na Wenyewe: Ushauri kwa Mtafiti wa Historia ya Mji wa Unguja

Mtu anayekusudia kuchunguza historia ya jengo moja katika mji wa Unguja, liwe nyumba ya ghorofa tatu ya Shangani au nyumba ya matofali na bati ya mtaa wa Amani, kwa kawaida huanza na swali la nani aliyejenga na katika mwaka gani. Swali hilo ni la haki, lakini likiachwa peke yake huwapotosha wengi, kwa sababu nyumba za mji huu hazikujengwa mara moja wala hazikukaliwa na watu wa aina moja. Nyumba ya Mji Mkongwe huweza kuwa ilijengwa na mwenye mashamba ya karafuu, ikawekwa rehani kwa mkopeshaji wa Kihindi, ikanunuliwa na kuwekwa wakfu, yaani kufungwa isiuzwe wala kurithiwa ili mapato au makaazi yake yawafae walengwa maalumu, kisha ikachukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ikagawiwa chumba kwa chumba kwa familia zisizo na nasaba moja, na leo ikawa hoteli. Anayeandika jina la mjenzi na mwaka wake tu huwa ameandika ukurasa mmoja wa kitabu kinene. Swali linalofaa kuongoza utafiti ni nani walioishi humo katika kila zama, nani waliowatumikia, nani waliolipa kodi na nani waliohamishwa, na kwa kuwa kila chanzo cha habari hujibu moja tu kati ya maswali haya na kunyamaza juu ya mengine, hakuna chanzo kinachofaa kuaminiwa kikiwa peke yake.

Chanzo cha kwanza ni jengo lenyewe, na inafaa lisomwe kabla ya kufungua karatasi yoyote. Nyumba kongwe za mji zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo uliochanganywa na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti, yaani nguzo za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, hata katika nyumba ya tajiri. Ukuta mnene unaoishia ghafla, mlango uliozibwa, zidaka zilizobaki katika ukuta ambao sasa ni wa korido, au ghorofa ya juu yenye kuta nyembamba kuliko ya chini, vyote ni dalili za ujenzi wa awamu tofauti, na mtafiti hana budi kuvichora kwenye mchoro wa nyumba, hata kama mchoro wenyewe ni wa mkono na vipimo vyake ni vya hatua. Ua wa ndani uliozungukwa na vyumba huelekeza kwenye desturi ya ujenzi wa Waarabu wa Oman, na duka lililofunguka njiani lenye makaazi nyuma yake na juu yake huelekeza kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ingawa mipaka hiyo haikuwa migumu, kwani mafundi walikuwa walewale na wenye nyumba waliigana.

Mlango wa nakshi huvutia macho kuliko kitu kingine chochote, na baadhi ya milango ina mwaka wa Hijria uliochongwa juu yake. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi na ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo njia ya haraka ya kuubadilisha ni kuuzidisha kwa 0.97 na kuongeza 622: mwaka 1300 wa Hijria hutoa 1883, ambao ndio mwaka unaotajwa kwa ujenzi wa Beit al-Ajaib, kasri la Sayyid Barghash bin Said. Hesabu hiyo huweza kukosea kwa mwaka mmoja, kwa sababu mwaka mmoja wa Hijria hugusa miaka miwili ya jua, hivyo ni salama kuandika 1882/1883 mpaka hati yenye tarehe kamili ipatikane. Hata hivyo mwaka ulio mlangoni ni mwaka wa mlango. Milango ya Unguja imeuzwa, imehamishwa na imenakiliwa, na ipo nyumba changa iliyovikwa mlango mkongwe. Fundisho kubwa zaidi la jambo hili liko kusini mwa kisiwa, katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, ilhali sehemu kubwa ya kuta zinazoonekana leo ilijengwa upya katika karne ya 18. Maandishi hayo ni ya kweli na kuta ni za kweli, lakini mtu akiviunganisha bila kuuliza atakuwa amezizeesha kuta kwa zaidi ya miaka 600.

Baada ya jengo huja picha zake, ambazo katika mji huu ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Studio ya A. C. Gomes ilipiga picha za mji katika karne ya 19, na Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilirekodi sherehe, mitaa na sura za watu kwa miongo mingi; mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, unaweza kutazamwa kwa intaneti. Picha nyingi hazina tarehe, au zina tarehe iliyoandikwa baadaye na mwuzaji, na hapo ndipo mtafiti anapohitaji alama za kupimia. Alama iliyo bora kuliko zote ni mnara wa Beit al-Ajaib. Katika picha za mwanzo, mnara wa taa na saa umesimama peke yake mbele ya kasri, upande wa bahari. Mnara huo uliharibiwa tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipopiga mizinga kwa muda usiozidi saa moja na kulibomoa pia kasri la jirani la Beit al-Hukm. Baada ya hapo mnara mpya uliunganishwa na uso wa jengo lenyewe, na ndivyo ulivyobaki mpaka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu hiyo ya jengo ilipoporomoka na kuua watu. Kwa hiyo picha yoyote inayoonyesha ufuo wa mji pamoja na jengo hilo inaweza kuwekwa katika mojawapo ya zama tatu kwa kutazama mnara tu, na baada ya hapo mtafiti huweza kubana zaidi kwa kutazama mambo mengine, kwa mfano kama hori la Darajani, mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, bado lina maji au limekwisha fukiwa. Ufukiaji huo ulifanywa kwa awamu wakati wa utawala wa Waingereza, na barabara iliyoitwa Creek Road kwa sababu ya hori hilo leo ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Anayetafuta jina la leo katika jalada la mwaka 1930 hatalipata, kwa hiyo kazi ya mapema kabisa ni kuandaa orodha ya majina yote ambayo mtaa, njia na jengo vimewahi kuitwa. Jengo la Beit el-Amani lililosanifiwa na John Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925, kwa mfano, limo katika nyaraka za Kiingereza kwa jina la kumbukumbu ya amani ya vita vya 1914 hadi 1918, na katika vinywa vya watu ni Makumbusho tu.

Nyaraka za Taifa za Zanzibar zipo Kilimani, mwendo mfupi kutoka Mnazi Mmoja, na humo ndimo utafiti wa karatasi unapopaswa kuanzia. Nyaraka hizo zimepangwa kwa makundi yenye alama za herufi: kundi la AA lina barua za ubalozi mdogo wa Uingereza, AB lina majalada ya sekretarieti ya serikali ya kikoloni, HC lina mashauri ya Mahkama Kuu pamoja na mirathi, na HD lina nyaraka za wakfu. Mgeni wa nyaraka huvutwa na barua za mabalozi, kwa sababu zimeandikwa kwa Kiingereza na zinahusu wakubwa, lakini kwa historia ya nyumba na watu wa kawaida jalada moja la mirathi hufaa kuliko barua mia. Jalada la mirathi huorodhesha warithi wote na hisa zao, madeni, vyombo vya nyumbani, na mara nyingine ugomvi baina ya ndugu, ambao kwa sababu yake mashahidi walisimama mahkamani na kueleza nani alilala chumba gani na nani alikuwa akipokea kodi.

Hati ya wakfu inastahili kusomwa polepole. Kwa kawaida huanza kwa kumtaja mweka wakfu kwa jina lake, la baba na la babu. Kisha huitaja nyumba na kuipakanisha pande zote nne kwa majina ya majirani. Kisha huwataja walengwa, ambao huweza kuwa watoto wake, msikiti, msomaji wa Kurani kaburini, au watumwa wake aliowaacha huru pamoja na vizazi vyao. Kila sehemu ya hati hiyo ni hazina kwa namna yake. Mipaka ya pande nne humpa mtafiti majina ya nyumba nne kwa hati moja, na akizipata hati za majirani huweza kuuchora mtaa mzima kama ulivyokuwa siku ile. Lakini maneno ya pande yanataka uangalifu, kwa sababu hati hutumia wakati mwingine maneno kama kibla, matlai (mashariki) na suheli (kusini), na katika Unguja, ambayo iko karibu moja kwa moja kusini mwa Makka, upande wa kibla ni kaskazini. Msomaji aliyezoea vitabu vya nchi nyingine akiweka kibla mashariki ataugeuza mtaa wote. Sehemu ya walengwa nayo ni miongoni mwa mahali pachache ambapo watumwa walioachwa huru huandikwa kwa majina yao, wakiwa na haki ya kukaa ndani ya nyumba au kwenye kiwanja, na kwa familia nyingi za mjini hiyo ndiyo karatasi ya kwanza inayomtaja bibi au babu yao. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana bado inasimamia mali za aina hiyo, hivyo mtafiti anapaswa kukumbuka kwamba karatasi anayoisoma kama historia huweza kuwa haki hai ya mtu.

Hati nyingi za karne ya 19 zimeandikwa kwa Kiarabu, na barua nyingi za watu binafsi ni za Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, huku vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara vikiwa vya Kigujarati. Asiyezisoma hati hizo asijidanganye kwamba tafsiri za Kiingereza zilizobanwa pembeni ya jalada zinatosha, kwani makarani walifupisha, na walichofupisha zaidi ni majina. Ni heri kumwomba sheikh au mwalimu wa chuoni asome hati kwa sauti, neno kwa neno, huku msikilizaji akinakili, na jina la msomaji huyo liandikwe katika kazi itakayotoka.

Majina ni mtihani wa peke yake. Mtu mmoja huweza kuonekana kwa jina la ukoo mahkamani, kwa jina la utani mtaani, na kwa tahajia tatu za makarani wa Kiingereza: Hamed bin Muhammed al-Murjebi, aliyefariki mjini mwaka 1905 na ambaye nyumba yake ya Shangani ingalipo, ni huyohuyo Tippu Tip, na katika barua za wakati huo jina lake limeandikwa kwa namna nyingi. Kwa watu waliotoka utumwani jambo ni gumu zaidi, kwa sababu baada ya amri ya Aprili 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria wengi walibadili majina, walihamia Ng'ambo na kujitambulisha upya. Idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka sana kati ya sensa ya 1924 na ya 1931, na waliopungua hawakufa bali walichagua kuitwa kwa majina mengine. Mtafiti asiwasahihishe. Kazi yake ni kuandika kila jina na mwaka wake, na kuacha jina alilojipa mtu lisimame.

Ng'ambo ndiko kunakodai juhudi kubwa, kwa kuwa ndiko kulikodharauliwa. Vitabu vya ramani na usanifu vimejaa Mji Mkongwe, ambao una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, ilhali wakaazi wengi wa mji wameishi upande wa pili wa hori kwa zaidi ya karne moja. Nyumba za miti, fito na udongo hufanyiwa ukarabati kila baada ya miaka michache, kwa hiyo ukuta wake hausemi umri wake. Isitoshe, mwenye nyumba mara nyingi hakuwa mwenye ardhi, kwani alijenga kwenye kiwanja cha tajiri au cha wakfu na kukilipia kodi. Kutokana na hali hiyo historia ya nyumba za Ng'ambo imo katika habari za kodi: mwaka 1928 wakaazi waligoma kulipa kodi ya viwanja, na mashauri, malalamiko na orodha zilizotokana na mgomo ule huwataja watu ambao wasingetajwa popote, wakiwemo wanawake wengi waliomiliki nyumba zao wenyewe. Sanaa pia ni chanzo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, akahamia mjini na kufika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, aliimba kesi zilizosikilizwa mahkamani, wimbo wa Kijiti ukiwa mmojawapo. Mtafiti huweza kuweka wimbo upande mmoja na habari za mahkama upande wa pili, akaona sheria iliamua nini na mtaa uliamua nini. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti, na kitabu hicho kingali mfano mzuri kwamba maisha ya mtu asiye na kasri yanastahili kitabu.

Kwa mitaa iliyokua baada ya Mapinduzi, kama Amani, hati za Kiarabu hazitasaidia sana. Humo panahitajika mipango ya mji, hasa ule wa 1968 ulioandaliwa na Hubert Scholz wa Ujerumani Mashariki, ambao ulileta majumba ya Michenzani na kuvunja nyumba nyingi za zamani, na ule wa 1982 uliotayarishwa na Wachina. Pia zinahitajika karatasi za kugawiwa viwanja, risiti za maji na umeme, picha za harusi, na zaidi ya vyote kumbukumbu za watu. Kila familia iulizwe ilitoka mtaa gani kabla ya kuhamia hapo, kwani kwa swali hilo historia ya Amani hufungua historia ya mitaa ambayo haipo tena. Wazee wachache hukumbuka mwaka kwa tarakimu, lakini wote hukumbuka mambo yalivyofuatana, hivyo swali lifungwe kwenye tukio linalojulikana: je, ilikuwa kabla ya kufariki Sultani Khalifa bin Harub mwaka 1960 au baada yake, kabla au baada ya kufunguliwa Uwanja wa Amani mwaka 1970, kabla au baada ya kuuawa Mzee Karume Aprili 1972, kabla au baada ya televisheni kuanza mwaka 1973? Matukio manne kama hayo hubana tarehe kuliko kumshinikiza mzee ataje mwaka ambao ataukisia kwa heshima ya mgeni.

Mazungumzo hayo yana adabu zake. Mtafiti hupata kwanza kibali cha utafiti cha Serikali, kisha hujitambulisha kwa sheha, ambaye ndiye kiongozi wa shehia na ndiye atakayeulizwa na majirani kuhusu mtu anayezunguka na daftari. Hapo tena apige hodi, aamkie wakubwa shikamoo, na asifungue daftari kabla ya kukubaliwa. Barazani atapata habari za siasa, mpira na biashara, lakini habari za nani aliishi chumba gani, nani alimlea nani na nyumba iligawanywaje, wanazo zaidi wanawake, na kwa mtafiti mwanamume ni busara kufanya kazi pamoja na mtafiti mwanamke. Swali la nyumba hii ilikuwa ya nani, likiulizwa katika mji ambao nyumba nyingi zilibadili mikono mwaka 1964 na baadaye, husikika kama dai la mali, na anayeishi humo ana sababu ya kunyamaza. Wapo pia walioondoka wakaenda Oman, Uingereza au bara, na kwao swali hilohilo ni kidonda. Njia ya uaminifu ni kueleza mapema kwamba utafiti si dai, kusikiliza pande zote mbili, na kutochapisha majina ya wakaazi wa sasa bila ridhaa yao. Anayeficha nia yake ili apate habari nzuri huwaharibia wote watakaokuja baada yake.

Mwenye uwezo wa kufika mbali, au wa kuandika barua, ana mengi ya kutafuta nje: mfululizo wa CO 618 katika hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, nyaraka za Bombay kwa miaka ambayo ubalozi mdogo wa Unguja ulikuwa chini ya serikali ya huko, na hifadhi za Oman. Lakini mtafiti wa mtaa asicheleweshwe na ndoto ya Kew, kwa kuwa vilivyo karibu ndivyo vinavyopotea: Mapinduzi hayakufuta makaratasi mengi kama mchwa, mvua na kuhama nyumba.

Kazi ikikamilika, hata kama ni kurasa kumi kuhusu nyumba moja, nakala moja irudishwe kwa familia iliyotoa habari, ikiwa katika Kiswahili ambacho bibi wa nyumba anaweza kusomewa, na nakala nyingine ipelekwe Kilimani pamoja na rekodi za sauti, picha zilizoandikwa majina na tarehe, na maelezo ya kila jambo lilikotoka. Asiye na muda wa utafiti mrefu anaweza kuanza jioni hii kwa kukaa na mzee mmoja wa nyumba yake, kumwuliza majirani wa pande nne walikuwa nani alipokuwa mtoto, na kuyaandika majina hayo kabla hajalala.